Chuchu nyekundu ya chupa ya soda: kazi iliyofanya kwenye banda letu Hombolo, Dodoma

Bei yake haifiki sahani mbili za wali nyama. Ni chuchu ya mpira mwekundu, nyembamba, imekaa kwenye mfuniko wa plastiki wa njano wa kuzungusha. Unaifunga kwenye chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita, tayari una chupa ya kunyonyeshea mwanakondoo. Nimeinunua shilingi 5,000 kwenye duka la dawa za mifugo mjini Dodoma, upande wa Majengo. Pakiti yake ina picha ya mzungu mwenye koti zito, theluji imemfika magotini, kambeba mwanakondoo kwapani. Kijana wangu aliipokea, akaigeuzageuza, akasema, "Mama, hii ni ya Ulaya, huku theluji iko wapi?"

Theluji hatuna, ni kweli. Lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha Juni na Julai joto la usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, siku nyingine chini ya hapo. Ongeza upepo wetu huu unaopiga tangu jioni, unaopita kwenye miti ya zizi kana kwamba hakuna kitu kilichojengwa. Wewe unavuta blanketi la pili. Mwanakondoo wa kilo mbili na nusu, ametoka tumboni kwenye nyuzi 39 na kitu, amelowa kuanzia pua hadi mkia, anaangushwa chini kwenye upepo huo saa tisa usiku. Kwake huo ni ubaridi wa kuua. Kwa hiyo mzungu wa kwenye pakiti na mimi tuna shida moja, tunatofautiana makoti tu.

Kwa nini kondoo wetu wazae kipupwe? Mvua hapa ni moja, inaanza Desemba. Januari majani yapo, majike yamenenepa, dume halitulii. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, kama siku 147, basi piga hesabu mwenyewe. Baba mkwe, ambaye ndiye mwenye zizi hili (mimi ni mtumishi wa usiku tu), anajua namna ya kumzuia dume kwa kumfunga ngozi chini ya tumbo kama wanavyofanya wafugaji wa Kimasai. Hataki. Anasema anayezaliwa Juni anakuta mavuno yameingia, mabua yapo, ardhi kavu, minyoo michache, na mvua ikirudi ana meno ya kula majani mabichi. Anayezaliwa kwenye matope ya Februari unamtibu kuhara mpaka unamchoka. Nimekaa kwenye ukoo huu miaka mingi, sijaona mahali pa kumpinga. Ila yeye saa tisa usiku amelala.

Basi turudi kwenye chuchu.

Kazi yake kubwa, na ndiyo inayonifanya niandike haya, ni dang'a. Mwanakondoo hazaliwi na kinga ya magonjwa mwilini. Kinga yote inatoka kwenye yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, na utumbo wake unaipokea vizuri saa chache za kwanza tu. Kadiri saa zinavyokwenda mlango unafungwa, na baada ya siku nzima umefungwa kabisa. Tena dang'a ndiyo kuni zake: ina mafuta, inamtia joto. Kanuni ninayoifuata ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, wa kwanza usivuke saa mbili tangu azaliwe, na kwa saa 24 za kwanza jumla ifike mililita 200 kwa kilo. Wa kilo mbili na nusu basi anahitaji mililita 125 kwa mara moja, nusu lita kwa siku. Ni chupa moja ya soda, ikajaa.

Mwenye nguvu hahitaji chupa. Anasimama, anahangaika, anapata chuchu ya mama yake, mkia unatikisika, mambo yamekwisha. Unachofanya wewe ni kukamua matone mawili matatu kila upande ili ile nta inayoziba tundu itoke, basi. Shida ni wa pili wa mapacha. Mwaka huu jike letu moja jeusi kichwa, uzao wake wa kwanza, lilizaa mapacha, likamramba wa kwanza, likamwona wa pili kama jiwe lililodondoka hapo. Kajike kadogo, kameinamisha shingo. Nikakaingizia kidole mdomoni, mdomo wa baridi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu karatasi ya maelekezo iliyokuja na chuchu imeandikwa kwa maandishi ya sisimizi na jambo hili wameliweka mwisho kabisa. Mdomo ukiwa wa baridi, usimpe maziwa. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 37 kumeza kunakuwa shida na tumbo halifanyi kazi, maziwa yanakwenda kwenye mapafu au yanalala tumboni yanachacha. Mpashe joto kwanza. Kama amekaa saa nyingi bila kunyonya na hawezi hata kuinua kichwa, joto peke yake nalo halitoshi, anakuwa hana sukari mwilini, hapo mpigie mtaalamu wa mifugo hata kama ni usiku.

Sisi tuna bahati ya tembe. Nyumba ya wageni tumeezeka bati kama watu wote, lakini chumba cha wanakondoo ni tembe la zamani la baba mkwe, kuta za udongo, dari la miti na udongo juu, na usiku wa Julai ndani mna tofauti unayoisikia ukivuka kizingiti. Namkausha kwa kiroba hadi manyoya yasimame, namvika mkono wa sweta la mtumba (nanunua masweta ya sufu yaliyotoboka, bei ya kutupa, mkono mmoja ni koti la mwanakondoo mmoja, unakata matundu mawili ya miguu ya mbele), namweka kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga. Jiko la mkaa naliweka mlangoni, mlango wazi. Usije ukafunga mlango na mkaa unawaka ndani, mtakutwa mmekufa wote, wewe na yeye. Zile balbu za joto za vifaranga nazo zinauzwa duka hilohilo, sizitumii: umeme wetu unaweza kukatika wakati wowote, na balbu ya moto juu ya majani makavu usiku, wakati umesinzia, mimi hapana.

Mdomo ukipata joto, ndipo chuchu.

Nimewahi kutumia bomba la sindano, nimewahi kutumia chuchu ya chupa ya mtoto. Bomba linakufanya wewe ndiye unayesukuma, na ukisukuma kabla hajameza yanaingia njia ya hewa. Chuchu ya mtoto ni fupi, laini, tundu lake ni la maziwa mepesi. Dang'a ni nzito, mwanakondoo anavuta anavuta hadi anachoka, anaiachia. Hii nyekundu ni ndefu, nyembamba, ina ugumu kidogo. Ilipogusa ulimi, kale kajike kalifunga mdomo kenyewe. Kalivuta kidogo kidogo, kakapumzika, kakavuta tena. Mililita 120 zilikwisha nikiwa nimechuchumaa, na sikusukuma hata tone.

Siri iko kwenye ule mfuniko wa njano. Ndani kuna kitundu cha hewa chenye gololi ndogo. Maziwa yakitoka hewa inaingia, chupa haikunjamani, na mwanakondoo havuti dhidi ya kitu kinachomvuta yeye. Kitu rahisi, lakini aliyekibuni amewahi kunyonyesha kiumbe gizani, hilo sina shaka.

Chuchu inakuja haina tundu. Unatoboa mwenyewe. Yule kijana wa dukani alinikumbusha mara mbili wakati ananihesabia chenji: "Mama, usikate na mkasi mkubwa. Chukua sindano ya kushonea, ichome moto, toboa tundu dogo. Ukipindua chupa yadondoke, yasimwagike." Nikamuuliza kama naye anafuga. "Bibi yangu yuko Mpwapwa, mama, likizo zote nililala zizini." Ndiyo maana duka lile nalirudia. Maduka mengine niliyopita siku hiyo, ukitaja mwanakondoo asiyenyonya wanakupa sindano ya vitamini kabla hujamaliza sentensi. Huyu aliniuliza maswali: mama yake ana maziwa? Kiwele kina joto la kawaida? Kondo la nyuma limetoka? Ndipo akanyoosha mkono rafuni. Akaniuzia pia kichupa cha ayodini ya kitovu, na hiyo ni lazima, kwa sababu kitovu kibichi kwenye vumbi la zizi ni mlango wa pepopunda na viungo kuvimba. Unachovya kitovu chote mara tu baada ya kuzaliwa.

Namna ya kumnyonyesha: awe amesimama au amekaa kwa tumbo, kichwa kimeinuka kama anavyokiinua chini ya mama yake, si zaidi. Usimlaze chali mapajani kama mtoto wa mtu, ingawa kwa picha za simu inapendeza. Dang'a naikamua kutoka kwa mama mwenyewe. Akiwa nayo kidogo, kwa jike jingine lililozaa usiku huohuo. Ya akiba naigandisha kwenye jokofu la shangazi yake mume wangu, kwenye vifuko vya barafu vya shilingi mia. Kuiyeyusha ni kwa beseni la maji ya uvuguvugu. Ukiichemsha inaganda kama yai, na kinga yote inakufa.

Sasa kasoro, maana zipo.

Mfuniko unaingia kwenye chupa za soda. Chupa za maji ya kunywa ni bahati nasibu: nyingi shingo zake ni tofauti, unazungusha unaona umekaza, ukipindua yanakutiririka hadi kwenye kiwiko. Weka akiba ya chupa za soda na uzioshe mapema, usianze kutafuta chupa usiku. Nazo chupa hizo hazina vipimo. Nilipima maji kwa bomba la sindano la mililita 20, nikachora mistari ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Wino unafutika, inabidi urudie. Ukimwaga maji ya moto sana ndani ili kuosha, chupa inasinyaa inakuwa kitu cha ajabu. Chuchu yenyewe osha kwa maji ya moto na sabuni, lakini chupa badilisha tu, chupa hazijaisha nchi hii.

Kile kitundu cha hewa, pamoja na sifa zote nilizokimwagia, kinazibwa na dang'a iliyokauka. Kikiziba unaiona chupa inaingia ndani mbavu kwa mbavu na mwanakondoo anaanza kulalamika. Kila baada ya mlo ipitishe maji pale kwenye gololi na uipulize. Saa kumi alfajiri, vidole vimekufa ganzi, hutaki, lakini ipulize.

Mpira haupendi jua la Dodoma. Jirani yetu aliiosha yake akaianika juu ya bati, ikapasukapasuka shingoni kama ngozi ya kisigino wakati wa kipupwe. Ianike kivulini. Na mwanakondoo akishaota meno vizuri anaitafuna pembeni, tundu linapanuka, maziwa yanamjia kwa wingi kuliko anavyomeza. Mpira ukifika hapo utupe.

Lakini kasoro ninayoona ni kubwa si ya mpira, ni ya maneno ya kwenye pakiti. Pameandikwa kwamba inafaa kulelea yatima tangu kuzaliwa hadi kuachishwa. Inawezekana, kama una mtu wa kukaa na chupa mara nne kwa siku, na una maziwa. Maziwa ya kondoo yana mafuta karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe. Ukimpa ya ng'ombe anaishi, lakini tumbo linatokeza na mgongo unabaki mwembamba. Maziwa ya unga ya kufaa mwanakondoo hayapo kwenye duka lolote nililopita hapa mjini, yapo ya ndama, na bei ya mfuko nikiambiwa nacheka. Sisi yatima tunamfunza kwa mbuzi. Tuna mbuzi wa maziwa mmoja mpole, namfunga kwenye nguzo na pumba zake mbele, yatima ananyonya, siku chache tu hata kamba haihitajiki. Kale kajike ka mapacha nako kalitumia chupa kwa siku mbili za kwanza, nikakachanganya na pacha wake kwenye kizizi cha kuzalia, jike likiwa limefungwa shingo lisiweze kugeuka kumkataa, na likamkubali. Chupa ikarudi kwenye ndoo yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kutumika, kwa maoni yangu: ikae karibu, itumike saa zile mbaya, iondoke.

Baba mkwe mwanzoni aliiangalia kwa jicho la pembeni. "Mkwe wangu, kondoo na chupa? Kesho utamvalisha nepi." Nikamwambia, "Baba, nepi bado, ila sweta tayari anayo." Hakusema kitu. Wiki iliyofuata nilimkuta anamweleza mzee mwenzake pale kwenye mnada wa Msalato jinsi ya kutoboa tundu kwa sindano ya moto, kama vile yeye ndiye aliyeibuni.

Ila yeye ana neno lake moja la haki, na ni vizuri mnunuzi alisikie kabla ya kutoa hela. Wanaohitaji chupa wakiwa wengi, tatizo liko kwenye hori. Karibu theluthi mbili ya ukuaji wa mtoto tumboni ni wiki sita za mwisho, na kwetu hizo zinaangukia Aprili mwishoni hadi Juni, majani yanapogeuka nyasi kavu. Mabua ya mtama na uwele yanajaza tumbo, nguvu hamna. Jike lenye mapacha hapo linakula mwili wake lenyewe, linazaa vitoto vidogo na kiwele kikavu. Tulipoanza kuongeza mashudu ya alizeti na majani ya karanga jioni, pamoja na jiwe la chumvi, wale wa kuinamisha shingo walipungua waziwazi. Alizeti ni zao la kanda hii, mashudu tunayapata, ingawa bei inapanda kila watu wa kuku wanapoamka. Kwa hela ya chuchu moja unapata kilo kadhaa. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua mashudu.

Kazi nyingine za banda chupa haizigusi, nitazipitia haraka. Jioni kusomba samadi na kumwaga makapi makavu ya uwele chini, kwa sababu kulala kwenye unyevu kunaua kuliko upepo. Maji, mengi, jike linalonyonyesha linakunywa usiamini. Vizizi vidogo vya kuzalia, mita moja na nusu kila upande, miti na kamba tu, ili mama na mtoto wajuane bila kusukumwa na kundi. Kijana analinda zamu ya kwanza akiwa likizo ya Juni, tochi ya kichwani, masikio kwa fisi. Shule zikifungua Julai, zamu zote zinanirudia mimi.

Naipa chuchu hii nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile ahadi ya kulea yatima na yale maandishi ya sisimizi. Mtu akinunua bila kijana wa dukani mwenye bibi Mpwapwa, atatoboa tundu kubwa na kumzamisha mwanakondoo wake wa kwanza. Nunua mbili, moja ikaushwe nyingine ikitumika. Mpira peke yake wanauza shilingi 2,000, mfuniko unaendelea na kazi. Na kabla hujalipa, fungua pakiti uitikise sikioni: gololi inatakiwa igonge. Kwenye zile nilizojaribu pale kaunta moja ilikuwa kimya, nikamrudishia akaiweka pembeni.